Askari Waliokula Nguba: Kisa cha Jina la Karanga Kusini mwa Marekani

Mtanzania akiingia kwenye kibanda cha chakula Nairobi kwa mara ya kwanza akasema, "Dada, niletee karanga," ataletewa nyama ya ng'ombe yenye mchuzi wa nyanya, ugali pembeni na sukuma wiki. Hajachezewa. Kwa Mkenya karanga ni nyama iliyokaangwa, na zile mbegu za kutafuna njiani ni njugu. Naye Mkenya akiomba njugu sokoni Dodoma, anaweza kupimiwa njugu mawe, zile ngumu za mviringo ambazo ukizibandika jikoni unapata muda wa kufua na kuanika kabla hazijaiva. Nchi jirani, lugha moja, na jina la mbegu isiyozidi ukucha wa kidole limeshateleza pande mbili.

Jina la karanga limeteleza mbali zaidi ya hapo. Kusini mwa Marekani, katika majimbo ya Georgia, Alabama na Carolina zote mbili, wapo wazee wanaoziita karanga goober. Kamusi ya Merriam-Webster inalirudisha neno hilo hadi mwaka 1833 katika maandishi, na bila shaka lilikuwa vinywani muda mrefu kabla ya hapo. Vijana wa Marekani wanalijua zaidi kwa maana mbili nyingine: karanga za chokoleti ziitwazo Goobers, zilizoanza kuuzwa mwaka 1925, na mtu mjinga, mshamba, asiyejua mambo. Hiyo maana ya ujinga tutairudia.

Kisa ninachokichambua hapa kimo kwenye karatasi moja. Mwaka 1866, mwaka mmoja baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kwisha, mchapishaji wa muziki A. E. Blackmar wa New Orleans alitoa noti za wimbo wa askari wa Kusini uitwao "Goober Peas". Ni wimbo wa kuchangamsha: askari wamekaa kivulini kando ya barabara, wanapiga soga na kula karanga, na utamu wa karanga hizo unasifiwa kama wa karamu. Karatasi inasema maneno yametungwa na A. Pindar na muziki na P. Nutt. Watu hao hawakuwako. P. Nutt ukilitamka haraka ni "peanut", jina la kawaida la karanga kwa Kiingereza cha Marekani. Pindar nalo ni karanga, kwa Kiingereza cha zamani cha Carolina Kusini na visiwa vya Karibi. Mchapishaji alikuwa akitania, na utani wake ukawa ushahidi asioukusudia: mbegu moja ina majina matatu juu ya karatasi moja, na mawili kati ya hayo ni ya Kibantu.

Waliouimba ni askari wa jeshi lililopigana miaka minne ili mtu mweusi aendelee kuandikwa kwenye daftari la mali pamoja na farasi na majembe. Ilikuwaje maneno ya kutoka mto Kongo yakawa yao kiasi cha kuyaimba kwenye njaa, bila hata kuyaona kuwa mageni?

Nianze na goober, maana ndilo rahisi kwa msomaji wa Kiswahili. Katika Kikongo na Kimbundu, lugha za Kongo ya magharibi na Angola ya kaskazini, karanga ni nguba. Lingala limelichukua vilevile, na Kinshasa ukitaka karanga unasema nguba. Mwanzo wake hutamkwa kama mwanzo wa ngoma, si kama wa ng'ombe. Sasa mpe Mwingereza neno hilo. Kinywa chake hakijazoea neno kuanza kwa ng. Ama ataweka irabu mbele, kama anavyofanya na "Engorongoro", ama ataiacha pua na kubaki na g. Nguba inakuwa guba. Ile u yake anaiandika kwa o mbili, ndiyo desturi ya Kiingereza.

Kinachobaki ni r ya mwisho. Hii r ni ya mwandishi, haikuwahi kuwa ya msemaji. Katika Kiingereza cha zamani cha Kusini, kama kile cha London hadi leo, r ya mwisho wa neno haikutamkwa: neno lililoandikwa kwa "-er" lilisikika kama lililoishia kwa a. Mtu aliyesikia "guba" na kutaka kuliandika liwe na sura ya Kiingereza alichomeka r kwa mazoea. Walipokuja Wamarekani wa maeneo mengine wanaotamka kila r waliyoiona kwenye maandishi, r ikapata sauti. Neno likajifunza r kutoka kwenye karatasi.

Pindar limepita njia ileile hatua kwa hatua. Kikongo kina mpinda, nalo ni karanga. Mwingereza haanzi neno kwa mp, kwa hiyo m ikaanguka. Mwisho ukavikwa r. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani na mmiliki wa mamia ya watumwa huko Monticello, Virginia, aliandika katika kumbukumbu za bustani yake za mwaka 1794 kwamba amevuna vilima 65 vya "peendars". Ukiiondoa ile s ya wingi na r ya mwandishi, unabaki na kitu ambacho mama wa Mbanza Kongo angekielewa bila mkalimani.

Msomaji mkali atasema sauti kufanana hakuthibitishi kitu. Ana haki. Sisi wenyewe tuna ugonjwa wa kusikia neno lolote la mbali lenye irabu nyingi na kutangaza kwamba ni la Kibantu. Kiajemi kina neno "bad" lenye maana ya -baya, sawasawa na "bad" ya Kiingereza, na wanaisimu wamekwisha kuonyesha kwamba maneno hayo hayana undugu. Ni bahati tu. Kwa hiyo goober peke yake ningeitilia shaka. Ninachokiamini ni jozi. Goober na pindar ni maneno mawili tofauti ya kitu kimoja, yanatoka eneo moja la Afrika, yamepoteza king'ong'o cha mwanzo kwa kanuni moja na yamepata r ya mwisho kwa kosa moja la tahajia. Hapo bahati imeshachoka.

Tena lipo neno la tatu la jikoni kutoka upande huohuo, ingawa si la karanga. Bamia kwa Kimbundu ni kingombo. Ondoa kiambishi ki-, kama wageni wanavyopenda kuondoa viambishi vyetu, unapata gumbo, mchuzi mzito wa Louisiana ambao watalii huenda New Orleans kuutafuta.

Watu je? Neno halipandi meli bila mtu. Katika biashara ya utumwa ya Atlantiki, waliopelekwa moja kwa moja kutoka Afrika hadi Amerika Kaskazini wanakaribia 390,000, na karibu robo yao walipakiwa kwenye pwani ya Kongo na Angola. Lakini wastani huficha mengi. Carolina Kusini katika miaka ya 1730 wengi wa walioshushwa bandarini Charleston walitoka upande huo. Tarehe 9 Septemba 1739 kundi la watumwa kando ya mto Stono, kusini-magharibi mwa Charleston, lilivunja duka, likachukua bunduki na kuanza kuelekea Florida, kwa Wahispania waliokuwa wameahidi uhuru. Wanahistoria wameona kwamba viongozi wa uasi ule walikuwa watu wa Kongo, wengine wao Wakatoliki, kwa sababu ufalme wa Kongo ulikuwa umeukubali Ukristo wa Kireno tangu mwisho wa karne ya 15. Watu waliokuwa wengi kiasi cha kupanga vita kwa lugha yao walikuwa wengi kiasi cha kuitana kwenda kuchimba nguba.

Walikuwako pia Wawolofu wa Senegali, ambao karanga kwao ni gerte, na Waakani wa pwani ya Ghana, ambao kwao ni nkatee. Maneno yao hayakushika. Kwa maoni yangu, idadi peke yake haitoshi kueleza hili. Nguba ilikuwa na faida ambayo lugha za Kibantu huwapa wasemaji wake popote walipo: Mkongo na Mmbundu hawaelewani kwa sentensi nzima, lakini kwenye jina hili walikubaliana kabla hawajapanda meli. Kwenye shamba lenye watu wa lugha kumi, neno ambalo wawili tayari wanalo linaanza mbele. Ni kama Kiswahili cha bara kilivyoenea: haikuwa kwamba kila mtu alikijua, ila kila mtu alikuta ndani yake mtu, maji, moto na nyama vilivyofanana na vya kwao.

Hapa lazima nisimame kwenye jambo ambalo wengi wanaoandika kuhusu neno hili hulikosea. Wanasema jina ni la Afrika, kwa hiyo karanga ni ya Afrika. Siyo. Mkaranga asili yake ni Amerika Kusini, maeneo ya Bolivia na kaskazini mwa Argentina, ambako ulilimwa maelfu ya miaka kabla ya Columbus. Wareno waliuchukua Brazili na kuufikisha Afrika katika karne ya 16. Ukaenea Afrika haraka, kisha katika karne ya 17 na ya 18 ukavuka tena kurudi ng'ambo kwenye meli za watumwa. Hans Sloane, tabibu mzaliwa wa Ayalandi aliyeishi Jamaika miaka ya 1687 hadi 1689, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1707 kwamba karanga hizi huletwa kutoka Guinea kwenye meli za watumwa ili kuwalisha watu njiani. Zile hadithi nzuri za mama aliyeficha mbegu kwenye nywele siwezi kuzithibitisha, na hazihitajiki. Mbegu zilipakiwa kwa magunia na nahodha mwenyewe, kwa hesabu ya faida: maiti hauziki.

Kwa hiyo mmea ni wa Amerika na jina ni la Afrika. Ajabu hii ina maelezo, na maelezo yenyewe yako kwenye njugu mawe.

Njugu mawe ndiyo mbegu ya Afrika hasa. Nayo huzaa chini ya udongo. Mkulima wa Kongo wa mwaka 1500 alikuwa akiijua kunde inayoficha mtoto wake ardhini kabla hajamwona Mreno yeyote. Mreno alipoleta mmea mwingine unaotoa ua la njano juu, kisha ua likinyauka unachomoza kijiti kinachojiinamia, kinajichoma ardhini na kuvimba kuwa ganda lenye mbegu, mkulima hakushangaa. Alisema, aa, hii tunayo, ila hii ni ya namna nyingine. Mbegu mpya ilikuwa laini, ilikaangika kwa dakika chache, na karibu nusu ya uzito wake ilikuwa mafuta, wakati njugu mawe ina mafuta kidogo mno. Mgeni akashinda jikoni. Inaelekea majina ya mwenyeji yakahamia kwake taratibu, mpaka mwenyeji akabaki akihitaji sifa ya kumtofautisha.

Kama unaona hili ni la kufikirika, tazama Kiswahili chenyewe. Kamusi za zamani zina njugu mawe na njugu nyasa. Njugu nyasa ndiyo karanga ya leo: jina la mwenyeji, njugu, likaongezwa Nyasa kumtambulisha mgeni. Kenya imekwenda mbele zaidi, njugu bila nyongeza imekuwa ya mgeni kabisa, na mwenyeji ndiye anayelazimika kusema "mawe". Jambo hilohilo lilitokea Brazili, ila upande wa pili wa kioo. Katika kitabu cha mwaka 1648 kuhusu viumbe vya Brazili, Mjerumani Georg Marcgrave aliieleza karanga kwa jina lake la Kitupi, lugha ya wenyeji wa Brazili, mandubi, kisha akaieleza njugu mawe iliyoletwa na Waafrika, akaiita mandubi ya Angola. Mbegu mbili zilipishana baharini, na kila moja ilipofika ugenini ikapewa jina la mwenzake aliyebaki.

Sasa turudi kwenye karatasi yetu ya 1866, kwa sababu bado hatujafika kwenye kinywa cha askari mweupe.

Kabla ya vita, karanga Kusini mwa Marekani zilikuwa chakula cha watumwa, cha nguruwe na cha maskini. Zililimwa kwenye vishamba vidogo nyuma ya vibanda, mahali ambapo mtumwa aliruhusiwa kulima chake jioni na Jumapili. Zilichemshwa zikiwa mbichi, na maganda yake na chumvi, jinsi zinavyochemshwa na kuuzwa hadi leo kwenye barabara za Kusini. Carolina Kusini ilizitangaza rasmi karanga za kuchemsha kuwa kitafunwa cha jimbo mwaka 2006. Mtu wa Kisumu au wa Mtwara akipewa mfuko wa karanga hizo hatauliza zinaliwaje.

Aliyepika nyumba kubwa alikuwa mwanamke mweusi. Aliyelea watoto wa nyumba kubwa alikuwa mwanamke mweusi. Mtoto mweupe aliyekaa jikoni akimsubiri yaya akaange alilisikia neno guba kabla hajajua kusoma, na alipokua hakulikumbuka kama neno la Afrika. Lilikuwa neno la jikoni, la utotoni. Vitabu vya isimu huita jambo hili ukopaji wa maneno. Mimi sioni kama ni mkopo pale mkopaji ndiye anayemmiliki mkopeshaji.

Halafu ikaja njaa. Mwishoni mwa mwaka 1864 Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alitembea kutoka Atlanta hadi Savannah akichoma maghala na kung'oa reli. Kusini ilikuwa imezingirwa baharini pia: kahawa hakuna, nyama hakuna, unga shida. Karanga zilikuwa ardhini, haziungui moto ukipita juu. Askari wakazichimba, wakazichemsha, wakazikaanga na kuzisaga kama kahawa. Askari wa Georgia wakapewa na wenzao wa majimbo mengine jina la kejeli, wanyakua-goober. Chakula kilichodharauliwa kikawa chakula cha jeshi, na neno lake likapanda cheo pamoja nacho.

Ndiyo maana wimbo ule unachekesha na kuumiza kwa wakati mmoja. Askari anasifu mlo wa mtumwa, kwa jina la mtumwa, huku bunduki iko magotini kuzuia mtumwa asiwe huru. Sidhani kama alinuia lolote. Angeambiwa kwamba anaimba Kikongo, angekucheka. Na mchapishaji wa New Orleans, alipotafuta jina la bandia la kuchekesha la kumbandika mtunzi, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye neno la pili la Kikongo. Kwa masikio ya wakati ule, Bwana Pindar lilikuwa jina la Kusini kindakindaki.

Usahaulifu huo ulidumu, na baadaye ukapewa shahada. Mpaka miaka ya 1930 wasomi kadhaa wa Marekani walishikilia kwamba lugha ya Wagullah, wazao wa watumwa kwenye visiwa vya pwani ya Carolina Kusini na Georgia, haikuwa na kitu cha Afrika isipokuwa vijineno vichache. Kwamba ilikuwa Kiingereza cha wakulima wa Uingereza kilichovunjwavunjwa na ndimi zisizokiweza. Aliyewapinga kwa kazi, si kwa maneno, ni Lorenzo Dow Turner, profesa mweusi mzaliwa wa Carolina Kaskazini. Mwaka 1929, akifundisha masomo ya kiangazi huko Orangeburg, Carolina Kusini, aliwasikia wanafunzi wa Kigullah wakizungumza na akashtuka. Alianza kurekodi wazee visiwani, kisha akaona kwamba hawezi kuamua lipi ni la Afrika bila kuzijua lugha za Afrika zenyewe, akaenda London kuzisoma katika mwaka wa masomo wa 1936 hadi 1937.

Hilo la mwisho ndilo linalonifurahisha. Waliomtangulia walikuwa wametafuta Afrika katika Kigullah bila kujua lugha yoyote ya Afrika, wakatoka mikono mitupu, wakatangaza kwamba chungu ni kitupu. Turner alichapisha matokeo yake mwaka 1949, na humo yamo maelfu ya maneno na majina ya watu yenye asili ya Afrika, mengi yakiwa majina ya nyumbani ambayo mtoto hupewa na bibi yake na ambayo hayaandikwi shuleni. Nani kati yetu hana jina la namna hiyo? Guba limo, pinda limo. Visiwani yalikuwa bado hayana r.

Lakini kufikia wakati huo biashara ilikuwa imekwisha kuchagua jina lake. Wadudu wa pamba walipokula mashamba ya Alabama mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima walihamia karanga. George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo wa chuo cha Tuskegee huko Alabama, aliyezaliwa utumwani, alitoa mwaka 1916 kijitabu cha njia 105 za kuandaa karanga kwa chakula, na mwaka 1921 akasimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuitetea karanga ya nyumbani dhidi ya ile ya kutoka nje. Juu ya kijitabu chake imeandikwa "peanut". Sishangai. Mnunuzi alikuwa wa Kaskazini, mbunge alikuwa wa Washington, na mtu anayetaka kuuza hatumii neno la jikoni kwa bibi. Goober likabaki kijijini. Na neno linapobaki kijijini wakati bidhaa imehamia mjini, aghalabu huanza kumaanisha mtu wa kijijini: mzito wa kuelewa, suruali fupi, mdomo wazi. Filamu na vichekesho vya televisheni vikamalizia kazi. Leo mtoto wa Ohio anaweza kumwita mwenzake goober, yaani bwege, na asijue kwamba amemwita karanga.

Angola mambo yalikwenda kinyume. Kireno cha Lisbon husema amendoim, lakini Luanda, hata mtu asiyejua sentensi moja ya Kimbundu husema ginguba, ambayo ni nguba katika wingi wake wa Kimbundu, jinguba. Hakuna anayelicheka, maana wenye neno ndio wenye nchi. Uholanzi imefika mbali zaidi: jina la kawaida la karanga kwa Kiholanzi ni pinda, lililopitia Suriname na Curaçao, na kila nyumba ina mkebe wa pindakaas, tafsiri yake ikiwa jibini la pinda. Sisi husema siagi ya karanga. Waholanzi sheria yao ililinda neno siagi kwa ajili ya maziwa ya ng'ombe, wakaishia kwenye jibini. Mpinda ya Kikongo iko kabatini Amsterdam kila asubuhi karibu na mkate, bila r na bila aibu yoyote.

Ninapoona mtu ameandika kwamba goober ni "neno la Kiafrika", mkono unaniwasha. Kiafrika si lugha. Mimi ni Mwafrika, na nguba si neno langu. Langu ni karanga, ambalo huenda lina udugu na kukaanga kwetu, maana lugha nyingi za Kibantu husema kukalanga au gũkaranga pale ambapo Kiswahili kimemeza l yake. Ukimnyang'anya neno Mkongo na kulitupa kwenye kapu la bara zima, umeifuta ile sehemu ya kisa yenye tarehe, bandari na watu. Ni wasemaji wa Kikongo na Kimbundu, wakishushwa Charleston, ndio waliofanya hivi.

Na wapo tena Georgia, ingawa kwa njia nyingine. Mji mdogo wa Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, umepokea wakimbizi wa mataifa mengi kwa miongo kadhaa, na miongoni mwao wamo Wakongomani. Anayetoka Bukavu au Uvira anazungumza Kiswahili na karanga kwake ni karanga. Anayetoka Kinshasa, akisimama mbele ya kibanda cha karanga za kuchemsha kilomita chache kutoka kwenye njia aliyopita Sherman, anaziita nguba, na ng yake ya mwanzo iko kamili.